Alama ya Jumlisha Mwishoni mwa Namba

Juni ya Songea ina baridi ya kung'ang'ania, na fundi simu wa Bombambili alikuwa amevaa koti zito huku vidole vikiwa wazi, maana bisibisi ndogo haishikiki kwa glavu. Mama mmoja aliweka simu mezani kwake.

"Fundi, hii inakula chaji. Nachaji usiku kucha, saa nne asubuhi imeshazima."

"Ina muda gani, mama?"

"Ya mwanangu. Kaniachia aliponunua nyingine."

Fundi akapapasa kioo kwa kidole gumba kuona kama kinasikia, akaingia kwenye mipangilio, akashuka hadi chini kabisa penye taarifa za simu. Mimi nilikuwa pale kusubiri simu yangu, nikamwomba afungue mstari mmoja zaidi, ule wa toleo la kerneli. Palikuwa pameandikwa 4.19.191, na nyuma yake alama ya jumlisha.

"Hiyo huwa siangalii," alisema. "Naangalia Android ngapi na memori kiasi gani, basi."

Na kweli, ni nani mwenye haja ya kuiangalia? Lakini mstari ule ni mfupi kuliko historia iliyomo ndani yake. Kerneli ndicho kiini cha mfumo endeshi, programu inayokaa kati ya vyuma vya simu na programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipewe zamu, inayozungumza na kamera, redio na kioo. Kiini cha simu za Android kinaitwa Linux. Namba 4.19 ni toleo lililotoka Oktoba 2018. Hiyo 191 ni hesabu ya marekebisho yaliyotolewa juu ya toleo hilo, na hilo la 191 lilitoka Mei 2021. Alama ya jumlisha, kwa kawaida, huwekwa na mashine yenyewe wakati wa kukiunda kiini, pale inapogundua kwamba msimbo ulio mbele yake haulingani na toleo lolote lililopigwa muhuri. Maana yake ni kwamba mtu ameongeza vya kwake.

Ni nani, na kwa nini vya kwake havikuingizwa kwenye cha wote? Hapo inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya thelathini.

Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Agosti alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha, na Septemba akatoa toleo 0.01, mistari kama 10,000 hivi. Waliolichukua wakaanza kumtumia marekebisho kwa barua pepe. Marekebisho hayo yaliitwa viraka, na neno hilo kwa Kiswahili linakaa vizuri kuliko kwa Kiingereza. Kiraka ni faili dogo linaloorodhesha mistari ya kufutwa, kila mmoja ukiwa na alama ya kutoa mbele yake, na mistari ya kuongezwa, yenye alama ya kujumlisha. Torvalds alivisoma, akashona alivyovipenda, vingine akaviacha vipotee. Toleo 1.0 lilipotoka Machi 1994 mistari ilikuwa imefika 176,000, na mshonaji alikuwa bado mmoja.

Mfumo wa fundi mmoja una uzuri wake. Nguo inatoka na mkono uleule. Ubaya wake ulionekana 1998. Torvalds alikuwa amehamia California, ana kazi ya mshahara na watoto wawili wadogo nyumbani, na viraka vilikuwa vinamiminika. Watu walituma kiraka kimoja mara tatu, mara nne, bila kujibiwa hata kwa kukataliwa. Mwishoni mwa Septemba ugomvi ukalipuka hadharani, naye akasema amechoka na akajipumzisha. Larry McVoy, mmoja wa waliokuwa wakifuatilia, aliona kwamba mtu yule hawezi kuongezwa ukubwa na kwamba kinachotakiwa ni chombo. Akaanza kujenga programu aliyoiita BitKeeper.

Huku nyuma, waliochoka kusubiri walikuwa na matawi yao. Lililojulikana zaidi lilikuwa la Alan Cox, wa Swansea huko Wales. Alipokea viraka ambavyo Torvalds hakuwa amevifikia, akavijaribu, na makampuni yaliyosambaza Linux yakawa mara nyingi yanachukua kwake. Tawi la namna hii ni msaada mkubwa hadi siku mtu anapouliza Linux ya kweli ni ipi. Januari 2002 mtengenezaji mmoja, Rob Landley, alipendekeza wazi ateuliwe mtu wa kukusanya viraka kwa niaba ya Torvalds. Torvalds alikataa. Kwa maelezo yake, yeye huwaamini watu wachache anaowajua, nao wana wao wanaowaamini, na viraka vipite humo. Alieleza muundo ambao ulikuwepo tayari bila kuandikwa popote. Mwezi uliofuata akaanza kutumia BitKeeper, na foleni ikapungua.

BitKeeper haikuwa programu huria. Watengenezaji wa Linux walipewa leseni ya bure yenye masharti, na baadhi yao hawakuridhika kutunza kitu cha wote ndani ya kabati la mtu. Andrew Tridgell, mwandishi wa programu wa Canberra, Australia, alijiunga na seva ya BitKeeper kwa njia ya kawaida kabisa, akaandika neno la kuomba msaada, na seva ikamjibu kwa kumworodheshea amri zake. McVoy aliona huko ni kuchungulia ndani ya chombo chake. Aprili 2005 leseni ya bure ikaondolewa.

Torvalds aliweka kiini pembeni akaandika chombo chake mwenyewe. Alianza tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 chombo kilikuwa kinajitunzia msimbo wake chenyewe. Tarehe 18 kiliunganisha matawi kadhaa kwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Juni toleo 2.6.12 la Linux lilitoka likiwa limetunzwa humo. Chombo hicho ni Git, na leo karibu kila mwandishi wa programu duniani, pamoja na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, anakitumia. Mwezi Julai alimkabidhi Junio Hamano, Mjapani, akarudi kwenye kiini chake.

Kazi ya Git katika kuunganisha ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Tuseme kamati ina daftari la michango, na asubuhi katibu analinakili mara mbili. Nakala moja inakwenda na wajumbe wa upande wa bwana harusi, nyingine upande wa bibi harusi. Jioni nakala zinarudi. Ukiziweka mbili tu pembeni kwa pembeni, utaona zinatofautiana lakini hutajua nani kabadili nini. Je, jina lililopo huku na kukosekana kule limeongezwa huku, au limefutwa kule? Inahitajika nakala ya tatu, ya asubuhi, kabla hazijaachana. Ukiwa nayo, kila badiliko linajieleza lenyewe, na mengi yanaungana bila mtu kuulizwa. Panapokwama ni pale ambapo pande zote mbili zimegusa mstari uleule: huku mjomba kaandikwa laki moja, kule laki mbili. Hapo Git inasimama na kumwita mtu.

Inaweza kuunganisha zaidi ya mawili kwa mpigo, na namna hiyo ina jina lake: pweza. Januari 2014, Mark Brown, anayesimamia sehemu ya sauti, alipeleka muungano wa matawi 66 kwa mara moja. Torvalds aliupokea akilalamika kwamba huyo si pweza tena. Wavuvi wa Kilwa wangekubaliana naye, maana pweza wao wana mikono minane.

Nakala zikikaa mbali siku moja, migongano ni michache. Zikikaa mwaka, nakala ya asubuhi haikumbushi chochote. Kwa sababu hiyo kiini cha Linux kina ratiba kali. Kwa wiki mbili dirisha linafunguliwa na wasimamizi wanapeleka matawi yao. Kisha linafungwa, na wiki kama saba zinazofuata ni za kurekebisha makosa tu. Toleo linatoka, dirisha linafunguliwa tena. Toleo 5.10, la Desemba 2020, lilipitia mzunguko huo likiwa na mabadiliko zaidi ya 16,000 kutoka kwa watu karibu 2,000.

Nyuma ya dirisha hilo kuna kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika historia hii, na ambayo haina sifa. Februari 2008 Stephen Rothwell, naye wa Canberra, alianza kuchukua kila siku ya kazi matawi yote yanayosubiri, akayaunganisha kana kwamba dirisha limefunguliwa leo. Palipogongana aliwaandikia wenye matawi. Kesho yake alitupa matokeo yote na kuanza upya. Matawi yalifika mamia. Aliendelea hivyo kwa miaka, kama mtu anayesuka mkeka asubuhi na kuufumua jioni, ili siku ya wageni mkeka usifumuke wenyewe.

Sasa simu.

Septemba 2008 simu ya kwanza ya Android ilitangazwa, ikiwa na Linux 2.6.25 ndani yake. Wahandisi wa Google walichukua kiini, wakakaa nacho pembeni na kukiongezea mambo waliyoyahitaji. Mojawapo lilihusu chaji. Kompyuta ya mapajani hulala unapoifunga. Simu iko mfukoni, haifungwi, lakini betri yake ni ndogo na inatakiwa ilale karibu muda wote huku ikiamka mara moja mwito unapoingia. Suluhisho lao lilikuwa kama la baba mwenye nyumba mwenye mita moja ya LUKU na wapangaji sita: anazima taa kila apitapo, na mpangaji anayesoma aseme "bado nasoma". Kila programu inayohitaji simu isilale ilipaswa kushika kitu ambacho hapa nitakiita kufuli la kukesha. Ikiachilia, na kama hakuna mwingine aliyeshika, simu inalala fofofo.

Mwanzoni mwa 2009 Arve Hjønnevåg, wa Google, aliwapelekea wasimamizi wa kiini viraka vya kufuli hilo. Hawakuvipenda. Jina liliwachanganya. Wengine waliuliza itakuwaje mpangaji akilala na taa akiwa bado amesema anasoma. Wengine walitaka kila sehemu ya mashine ifundishwe kubana matumizi yenyewe, ili pasiwepo haja ya kuizimia nyumba nzima. Hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini Google tayari ilikuwa na simu madukani, na simu hazikungoja hoja ziishe.

Madereva, yaani vipande vinavyoendesha kioo, redio na kamera za simu hizo, vilikuwa vimeandikwa vikilitaja kufuli ndani yake. Kwa kuwa kufuli halikukubaliwa, hata kipande kizuri kisicho na ubishi hakikuweza kuingia, kwani kiini cha wote hakikuwa na neno hilo. Kipande kimoja kilichokwama kikawa kimezuia foleni nzima nyuma yake. Sehemu chache za Android zilizokuwa zimeingizwa mwaka 2009 kwa majaribio zilikaa bila mtunzaji, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kiini, akaziondoa. Toleo 2.6.33, la Februari 2010, lilitoka bila hizo, naye akaandika hadharani sababu zake. Mei na Juni mwaka huo mjadala ulirudi kwa jina jipya, mamia ya barua, na ukaisha bila mwafaka.

Miaka hiyohiyo ndiyo Android ilipofika kwetu. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilikuwa imewashwa Dar es Salaam Julai 2009. Huko Kenya simu ya Huawei iitwayo IDEOS iliuzwa kwa shilingi za Kenya kama 8,000, na kwa watu wengi ikawa simu janja ya kwanza kushika mkononi. Ndani yake kulikuwa na tawi lililofukuzwa. Chaji yake ililindwa na kufuli ambalo wasimamizi wa kiini walikuwa wamelikataa, na kwa mji kama Songea chaji halikuwa jambo dogo: hadi umeme wa gridi ulipofika kutoka Makambako mwaka 2018, mji ulitegemea sana mashine za dizeli.

Suluhu ilianzia kwa mtu ambaye hakuwa wa Google. Rafael Wysocki, wa Poland, msimamizi wa mambo ya nguvu za umeme ndani ya kiini, aliacha kujadili jina akauliza tatizo lenyewe ni lipi. Akalikuta: mwito ukiingia wakati simu iko katikati ya kulala, unaweza kupotea. Tatizo hilo lilikuwa la kweli hata kwa kompyuta za mapajani. Alijenga njia yake ya kulitatua kidogo kidogo, kuanzia 2010. Oktoba 2011 wasimamizi walikutana Prague na kukubaliana tawi la Android lirudishwe. Toleo 3.3, Machi 2012, likaingiza sehemu za kwanza. Toleo 3.5, Julai mwaka huo, likaja na njia ya Wysocki ikiwa kamili kiasi kwamba Android ingeweza kuitumia badala ya kufuli lake. Google haikupata kiraka chake, ikapata ilichokuwa ikikitafuta. Kipande kinachozungumzisha programu za Android zenyewe kwa zenyewe kilisubiri hadi 2015 ndipo kikatolewa kwenye chumba cha majaribio na kuwekwa sebuleni.

Nikiwasikia watu wa pande zote mbili wakisimulia, kila mmoja anajiona alikuwa sahihi. Nadhani wote walikuwa sahihi, na wote walichelewa miaka mitatu.

Hata hivyo alama ya jumlisha haikufutika, maana Google ilikuwa kituo kimoja tu njiani. Wajenzi wa Linux wanasema msimbo wa Torvalds uko juu ya mto na wengine wako chini yake. Mtu wa Songea hahitaji kufafanuliwa. Mto Ruvuma unaanzia vilima vya Matogoro, vinavyoonekana ukiwa mjini, na Mto Ruhila unaoulisha mji maji unatoka huko pia. Hata jina Bombambili ni la maji, ingawa mwalimu wa Kiswahili angelisahihisha liwe mabomba mawili.

Maji ya 4.19 yalishuka hivi. Torvalds alilitoa. Kroah-Hartman akalitunza, akiongeza marekebisho ya usalama. Google ikalichukua ikaweka yake. Mtengenezaji wa chipu akalichukua kwa Google akaongeza ya chipu. Mtengenezaji wa simu akaongeza ya kioo na kamera. Nyaraka za Android zenyewe zinakiri kwamba kwa njia hiyo hadi nusu ya msimbo unaofanya kazi ndani ya kifaa ungeweza kuwa haupo kwa Torvalds wala kwa Google. Marekebisho mapya yakitoka mlimani, kila kituo kinapaswa kuyaunganisha na nyongeza zake, na kituo kikiona simu imeshauzwa vya kutosha kinaacha. Mlimani, 4.19 iliendelea kurekebishwa hadi namba 325, Desemba 2024, ndipo ikafungwa. Simu ya yule mama ilisimama 191. Marekebisho 134 yalitoka nyuma yake na hakuna hata moja lililofika Bombambili.

Mwishowe Google iliamua kubadili mabomba. Kwa simu zinazotoka kiwandani na Android 12 na kiini 5.10, kiini kinatakiwa kiwe kimoja kwa wote, kilichoundwa na Google, na nyongeza za chipu na za simu zikae pembeni kama vipande vinavyochomekwa. Mtengenezaji hashoni tena juu ya kitambaa cha wengine.

Kuna matawi yaliyochelewa zaidi. Lile la kukifanya kiini kiitikie kwa wakati uliopangwa bila kukosa, linalohitajika kwenye mitambo ya viwandani na studio za sauti, lilianza 2004. Sehemu zake zilinyofolewa na kuingizwa moja baada ya nyingine kwa miaka 20, na mara nyingi zilikifaidi kiini kizima kabla tawi lenyewe halijakubaliwa. Septemba 2024, mjini Vienna, Thomas Gleixner, aliyeliongoza tawi hilo, alimkabidhi Torvalds ombi la kuingiza kipande cha mwisho likiwa limechapwa kwenye karatasi na kufungwa kwa kifungashio cha rangi ya dhahabu. Likaingia toleo 6.12.

Wakati nayawaza hayo, fundi alikuwa amefungua mfuniko wa nyuma wa simu. Aliinyanyua betri na kuilaza juu ya meza, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka kama pia.

"Imevimba, mama. Chaji haikai humu."

Kerneli haikuhusika hata kidogo. Alitafuta betri nyingine kwenye boksi la viatu, akapima nguzo zake kwa mita, akaifunga. Simu ikawaka. Akiwa anasubiri itulie, alitoa yake mfukoni, akaingia kwenye mstari uleule kwa udadisi, akanisogezea: 5.10, kisha namba nyingine, kisha neno android12.

"Mbona yangu imeandikwa Android?"

Nikaanza kumweleza. Mama akauliza kama simu iko tayari, maana bodaboda alikuwa anamsubiri.